Mikono Mpaka Viwikoni

Jumatano ya pili ya mwezi wa Aprili. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikanyamaza, ikaanza tena nikiwa natafuta kiatu kisichoingiza maji. Leo nilitakiwa niwahi hospitali bila kumeza kidonge changu cha asubuhi, nitolewe damu, halafu nisubiri nijue kama tezi zangu zimeamka au bado zimelala. Zikiwa zimeamka, naagana na vidonge. Zikiwa bado, naendelea navyo, na daktari alishanitahadharisha kwamba kuna watu ambao tezi zao haziamki tena, wanameza vidonge maisha yao yote.

Nilisubiri mpaka mchana kwenye benchi, karibu na dirisha la maabara. Benchi lile linamfanya mtu akumbuke, na mimi nilikumbuka yote tangu mwanzo. Ndiyo nayaandika sasa. Mimi si msomi, niliishia la saba, na mambo ya homoni nayaeleza kama nilivyoelezwa. Pakiwa na kosa ni langu, si la daktari.

Nimefanya kazi Kariakoo miaka mingi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipodozi. Duka ni la mama mmoja wa ukoo wa Kiarabu, ambaye babu yake alianza kuuza udi na hina mtaa huohuo. Sisi wafanyakazi tunamwita tajiri, kama wanavyoitwa wenye maduka wote wa Kariakoo, hata siku ambayo hakuna mteja aliyeingia. Mbele wanauza. Nyuma ndiyo kwangu: godoro jembamba juu ya meza, ndoo za maji ya moto, na pazia. Wanakuja mabibi harusi, wanakuja na wake za watu waliochoka tu. Nawasugua kwa singo mpaka ngozi ing'ae, na wale waliokuwa wanataka weupe nilikuwa nawapaka mkorogo.

Kwa asiyejua, mkorogo ni krimu za tyubu, losheni na mafuta, vinachanganywa pamoja halafu mtu anapakwa mwili mzima ili ngozi iwe nyeupe. Kila saluni ina wa kwake. Wa kwetu ulisifiwa mpaka Buguruni, na sifa hiyo, ingawa naona haya kuandika, ilitokana na mikono yangu. Wengine wanakoroga kwa mwiko. Mwiko unaacha madonge, na donge likikaa sehemu moja ya mwili linaacha baka. Mimi nilikuwa napandisha mikono ya gauni, naingiza mikono yangu yote miwili ndani ya beseni mpaka viwikoni, nayatafuta madonge kwa vidole na kuyasaga ukingoni, mpaka beseni zima linakuwa laini kama mtindi uliopigwa. Halafu namkanda mteja kwa mikono hiyohiyo.

Mwenyewe sikupaka. Si kwamba nilikuwa na akili kuwazidi wateja, hapana. Nilikuwa nimeizoea sura yangu, basi. Tajiri alikuwa ananitania, "Mwanangu, jipake hata shingo. Watu wataanza kuuliza, mbona mpishi hali?" Nacheka, naendelea kukoroga.

Halafu mwili ukaanza kujaa. Uso ulianza kuwa mviringo, mashavu yakapanda, tumbo likatoka, na nyuma ya shingo pakaota kinundu kama nimebeba kifurushi. Mtaani kwetu mtu akinenepa anapongezwa. Muuza mitandio aliyekuwa anapanga meza yake mlangoni kwetu alinipongeza kila asubuhi.

"Shosti, shemeji anakulisha nini? Tuambie na sisi tukale."

"Mapenzi tu," namjibu.

"Basi ana mapenzi ya wanga."

Kusema haki, nilifurahi. Nilikulia kwenye nyumba ambayo mtu mnene alikuwa mgeni. Lakini kulikuwa na mambo ambayo sikumwambia mtu. Siku zangu zilichelewa, zikaruka, zikakatika kabisa. Kidevuni paliota nywele, nikawa nazinyoa bafuni nimeziba mlango kwa ndoo. Tumboni na mapajani ilitoka michirizi ya zambarau, mipana kama kidole. Nikigusa kona ya meza, napata alama ya damu iliyovilia. Miguu na mikono ilikonda wakati tumbo linakua, na nikikaa kwenye kigoda nilihitaji ukuta ili niinuke.

Na mikono ilikuwa imekuwa myeupe mpaka viwikoni, na mstari kabisa, kama mtu aliyevaa glavu. Hilo halikunishtua hata kidogo. Mume wangu anauza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, na mikono yake ni myeusi kwa grisi isiyotoka hata Jumapili. Niliona kila mtu anabeba rangi ya kazi yake.

Ramadhani ikaingia. Mwezi huo watu hawaoi, kwa hiyo hakuna mabibi harusi, na tajiri hufunga chumba cha nyuma mpaka Idi inapokaribia. Nikakaa nyumbani Buguruni. Nilidhani nitapumzika. Badala yake niliishiwa nguvu kama mtu aliyetolewa betri. Natapika asubuhi, kichwa kinazunguka, viungo vinauma, na siku moja nilianguka kwenye foleni ya maji, mbele ya wapangaji wenzangu wote.

Tumbo, kutapika, hedhi kukatika, kuanguka. Kuna mwanamke gani ambaye hangesema ni mimba? Wapangaji wenzangu walishangilia. Mmoja aliniletea udongo wa kula, mwingine alinikataza kubeba ndoo. Binti yetu, ambaye yuko darasa la tano, alianza kuchagua majina. Mama mkwe alituma mkungu wa ndizi kwa basi kutoka Kilimanjaro, pamoja na ujumbe kwamba nipike mtori na nisipande ngazi. Nilinunua kipimo duka la dawa, kikakataa. Nikanunua kingine, nacho kikakataa.

"Kuna mimba zinajificha," alisema mpangaji wa chumba cha mbele. "Mimi yangu ya tatu ilijificha mpaka ikaanza kupiga teke."

Sikubishana naye. Na mimi nilitaka iwe kweli.

Idi ilipokaribia tukafungua, wateja wakajaa, nikarudi kwenye beseni, na baada ya muda mfupi nikapata nguvu. Nilijiona mvivu. Nilijiambia, kumbe nyumbani ndiko kunakonilegeza, kazi inanifaa. Hadi leo nikifikiria hilo najiuliza nina akili za namna gani. Lakini najiuliza pia, nani mwingine angejua?

Mimba haikuja. Ilikuja presha. Kwenye zahanati walinipima, wakapima tena kwa mashine nyingine, wakaniandikia niende hospitali kubwa, na huko nikampata daktari ambaye bado namshukuru. Ni dada mdogo kuliko mimi, anaongea taratibu. Aliniangalia uso, akaniomba nigeuke akagusa kile kinundu, akaangalia tumbo, akaniambia niinuke kwenye kiti bila kushika kitu. Sikuweza.

"Unatumia mkorogo?"

"Situmii."

"Dawa za kunenepesha? Wanauza vidonge, mtu anameza apate umbo."

"Sijawahi."

"Mama, mimi si polisi."

"Situmii, daktari."

Alinieleza kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na tezi hizo zinatoa homoni inayomsaidia mtu kuamka, kuvumilia njaa, kupambana na homa. Ni homoni nzuri ikiwa kwa kiasi chake. Ikizidi kwa muda mrefu inapandisha presha na sukari, inakula misuli na mifupa, inahamishia mafuta usoni na tumboni. Na kwa mwanamke inavuruga hedhi, inaotesha ndevu, inafunga uzazi. Alisema wanawake wengi wanachelewa kuja kwa sababu kwanza wanasifiwa kuwa wamenenepa, halafu wanaambiwa wana mimba. Nilikuwa bado nina ndizi za mama mkwe nyumbani.

Walinitoa damu. Siku ya majibu nilikwenda na mume wangu. Daktari alisoma karatasi, akatutazama wote wawili.

"Mwili wako unaonyesha homoni imezidi," alisema, "lakini damu inaonyesha tezi zako karibu hazitoi kitu chochote. Zimelala. Zinalala hivyo kama kuna dawa inayofanana na homoni hiyo inaingia kutoka nje. Kuna kitu unapaka au unameza."

"Hakuna," nikasema.

Mume wangu alikuwa anaiangalia mikono yangu.

Tulirudi nyumbani. Nisimwonee. Mke wake anafanya kazi kwenye mkorogo, mikono imekuwa myeupe, na daktari aliyesoma anasema kuna kitu kinapakwa. Ningekuwa mimi ningewaza hivyohivyo. Tulipofika hakugomba. Alisema tu, "Kama unapaka, niambie. Sitakuacha. Lakini usiniache nibahatishe." Halafu akafungua kabati, akaanza kukagua, na mimi nikamsaidia. Kweli nilimsaidia. Nilikuwa sijiamini tena. Nilifikiri labda kuna kitu nakitumia bila kujua, labda nimesahau. Tulitoa kila kitu juu ya kitanda: mafuta ya nazi, sabuni, mafuta ya mgando ya mtoto, poda. Binti akauliza tunatafuta nini.

"Hatujui," baba yake akamjibu.

Tulichokuwa tunajua ni kwamba, bila kukipata, ningeendelea kuharibika. Presha ilikuwa inapanda na dawa zake nameza. Daktari alishasema wazi kwamba mtu anaweza kufika mahali asirudi.

Keshoyake nilimwomba tajiri ruhusa ya kurudi hospitali wiki inayofuata. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwamba hawaniamini, wanasema natumia.

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Na mumeo?"

Nikajifanya natafuta mfuniko wa tyubu.

"Siku hiyo nakwenda na wewe," alisema. "Na mumeo aje."

Sikutegemea angekuja, lakini alikuja, na baibui lake zuri na harufu ya udi iliyojaa chumba kizima. Daktari alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kukaa kwanza.

"Binti yangu," alimwambia daktari, "nimekuja kumtolea ushahidi huyu. Yuko kwangu tangu mtoto wake yuko mgongoni. Hajapaka hata tone. Mimi ndiye namsumbua ajipake, hataki. Kama kuna mtu mwongo hapa Dar es Salaam, si huyu."

"Anafanya kazi gani kwako, mama?"

"Ndiye fundi wangu. Yeye ndiye anayekoroga. Wengine wanakoroga kwa mwiko, unapata madonge. Huyu anakoroga kwa mikono, mpaka hapa." Akashika kiwiko chake mwenyewe juu ya baibui, kwa fahari kabisa.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Anavaa glavu?"

"Glavu ya nini? Bibi harusi akandwe na mpira?"

"Kila siku?"

"Msimu wa harusi, asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana tunasifiwa."

Daktari alisogeza kiti chake, akanishika mkono wa kulia, akapandisha mkono wa gauni polepole mpaka mstari ukaonekana. Akaangalia uso wangu, akarudi kwenye mkono. "Anayejichubua anaanza na uso," alisema, kama anajisemea mwenyewe. "Uso wako haujaguswa. Ningetakiwa nilione hili siku ya kwanza." Kisha akaniuliza kama kuna kipindi niliacha kazi nikajisikiaje. Nikamweleza habari ya Ramadhani: kutapika, kuanguka, na jinsi nilivyopona niliporudi kwenye beseni.

Akatueleza. Zile tyubu nyingi zina dawa kali ya magonjwa ya ngozi, ambayo mtu anatakiwa apakwe kidogo, kwa muda mfupi, kwa maelekezo. Nyingine zimekatazwa lakini zinapita tu. Dawa hiyo inapenya kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, na mwili hautofautishi dawa hiyo na homoni yake. Mimi nilikuwa naloweka mikono humo siku nzima, mwaka baada ya mwaka. Tezi zangu ziliona mwili una homoni ya kutosha, zikaacha kufanya kazi. Ramadhani dawa ilipokatika ghafla, hapakuwa na kitu cha kunishikilia.

"Kwa hiyo ni mimi," tajiri akasema. Sasa alikuwa amekaa.

"Sijasema ni wewe, mama. Nimesema ni beseni."

"Beseni ni la nani?"

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye, kwenye korido, alinishika ile mikono, watu wanapita, akasema, "Nisamehe." Nikamwambia hana kosa. Nilimaanisha, na bado namaanisha, ingawa nilifurahi kwamba alisema.

Sikuruhusiwa kuacha hivihivi, ningeanguka kama nilivyoanguka kwenye foleni ya maji. Mkorogo niliacha siku ileile, lakini nilipewa vidonge vya homoni yenyewe, vya kupunguza taratibu, ili tezi zigundue zenyewe kwamba zinahitajika. Ilikuwa kazi. Kuna asubuhi nilizoamka naumwa kila kiungo, mikono ikawa myekundu na kuwaka moto, na ngozi ikabanduka. Mume wangu alifua nguo zote za nyumba hii kwa miezi, hadharani, bombani, huku wapangaji wa kiume wanamcheka.

"Kaka, na leo zamu yako tena?"

"Nafanya mazoezi ya kufua nepi," anawajibu. Nilimsikia dirishani, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Tajiri hakunifukuza. Alinihamishia mbele, kwenye udi, hina na singo kavu. Chumba cha nyuma alikinunulia glavu kwanza, wateja wakalalamika. Halafu akaacha mkorogo kabisa, na wateja wengi wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Sijui kama aliacha kwa dhamiri au kwa kuogopa wakaguzi, ambao walianza kupita mtaani wakati huohuo. Siku moja nilimuuliza. Akasema, "Yote mawili, mwanangu. Usinipambe." Namwandika hivyohivyo alivyosema.

Wateja niliowapaka, wale waliorudi, niliwaeleza. Baadhi walinisikiliza, wakaenda kupima. Mmoja aliniambia nina wivu na ndoa za watu. Nikamwacha aseme, maana ni mikono yangu hii iliyompaka.

Siku zangu zilirudi mwezi wa Januari, kidogo tu, nikiwa kaunta nampimia mtu udi. Kwa furaha niliwasamehe wateja wawili mabishano ya bei.

Na leo, mchana, mvua inapiga bati la korido mpaka huwezi kusikia majina yakiitwa, daktari alitoka mwenyewe mlangoni akaniashiria kwa mkono. Akafunga mlango. Akasoma karatasi, na nilijua kabla hajasema, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi kuliko karatasi.

"Zimeamka," alisema. "Zote mbili zinafanya kazi. Vidonge basi."

Nikamuuliza ana uhakika. Akasema ana uhakika. Nikamuuliza tena. Akanisogezea ile karatasi nione namba, ingawa anajua sizielewi, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Hii ni yako mwenyewe," akasema. "Haitoki kwenye tyubu wala kidonge." Presha bado ipo, ataendelea kuifuatilia, na mifupa nitapimwa mwakani. Nikiugua homa kali nije haraka, nisikae nyumbani. Kuhusu mtoto mwingine alisema hawezi kuniahidi, ila sasa hakuna kinachozuia. Nilimwambia inatosha. Hilo nalo sina hakika kama ni kweli, lakini leo lilikuwa kweli.

Nilimpigia mume wangu kutoka getini. Kulikuwa na kelele za magari ya Gerezani, akanifanya nirudie. Halafu nikasikia anamwambia mtu, "Subiri, usinisemeshe kwanza." Tajiri naye nilimpitia dukani, nimelowa. Alisikiliza, akaniambia nikae kwenye kiti chake, akaenda kumhudumia mteja mwenyewe.

Jioni mume wangu alirudi mapema na samaki wa soko la Feri, changu wawili, hajui kuchagua lakini hawa walikuwa wazima. Niliwapaka ndimu na tangawizi, nikawakaanga, nikapika wali wa nazi na mchicha. Binti alikamua nazi. Tulikula sinia moja, watatu, chumvi ikiwa kidogo kwa ajili ya presha yangu, na hakuna aliyeilalamikia.